Neno la Juma: Ubutu wa Akili



Juma lililopita tulipokea barua ya mama mmoja wa hapa Kalemie. Jina lake hatulitaji, wala hatuitaji shule ya mwanawe, kwa kuwa shida aliyotuandikia si ya nyumba moja. Mwanawe wa kiume yumo katika madarasa ya kwanza ya sekondari. Siku ya kurudishiwa madaftari, kijana alileta nyumbani daftari lake la Kiingereza, na chini ya alama chache alizopata mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: «He is a hebetude».

Kijana hakulijua neno la mwisho. Akawauliza wenzake, nao hawakulijua. Akaenda kwa jirani mwenye kamusi, akakuta kwamba neno hilo lataja ubutu wa akili. Akafunga kamusi, akarudi nyumbani, wala hakusema kitu. Tangu siku ile akakataa kwenda shule siku za Kiingereza, na sasa akataa siku zote. Baba yake asema kwamba mwalimu ni mtu aliyesoma, akiandika jambo amelijua. Basi afadhali mtoto aende ziwani pamoja na wajomba zake kuvua ndakala, kuliko kuteketeza karo bure. Mama yeye atuuliza maswali mawili tu. Je, neno hili ni tusi au ni ugonjwa? Na likishaandikwa, laweza kufutwa?

Kwa kawaida safu hii hueleza neno, hutoa mifano miwili mitatu, ikanyamaza. Leo hatuna budi kukawia kidogo, maana mtoto wa watu yu karibu kupanda mtumbwi kwa sababu ya neno moja.

Tuanze na asili yake. Katika Kilatini liko neno «hebes», na Waroma walilitumia kwa upanga au kisu kisichokata. Kutoka kwenye chuma wakalipeleka kwenye mwili: macho yasiyoona vizuri, masikio yasiyosikia vizuri. Kutoka kwenye mwili wakalipeleka kwenye akili. Hali yenyewe waliiita «hebetudo». Wafaransa wakalirithi, na wanafunzi wetu walijua bila kujua kwamba walijua, maana katika vitabu vyao vya Kifaransa husoma habari za mtu aliye «hébété», yaani aliyepigwa na bumbuwazi kwa ulevi, kwa uchovu au kwa msiba mkubwa, atazama wala haoni. Waingereza nao wakalichukua mwanzoni mwa karne ya 17, nalo limebaki kwao neno la vitabuni. Hutamkwa «hebityud», na mkazo huwekwa mwanzoni.

Twasema neno la vitabuni, maana Mwingereza halisemi sokoni. Aweza kuishi miaka themanini, akazaa na kuzika, asilitamke hata mara moja. Neno lake la kila siku ni «dull», nalo ni neno lenye kazi nyingi ajabu. Kisu kisichokata ni «dull». Mtoto asiyeshika haraka ni «dull». Siku ya mawingu mazito juu ya ziwa ni «dull». Kitenge kilichofuliwa mpaka rangi ikafifia ni «dull». Maumivu ya chini kwa chini ya jino, biashara iliyodorora, ngoma yenye sauti ya kufunikwa, hotuba ya mgeni rasmi inayotufanya tuhesabu mabati ya dari, yote ni «dull». Kiswahili hakipendi kumtwisha mtumishi mmoja mizigo yote hiyo. Kina neno lake kwa mawingu, na lake kwa rangi, na lake kwa soko. Mwanafunzi atakayetafsiri «dull» kwa neno moja kila mahali atajikuta amesema kwamba mbingu ni mjinga.

Lakini kwa kisu na kwa akili Kiswahili chetu kimekwenda njia ile ile ya Waroma, bila kufundishwa nao. Twasema kisu ni butu, na twasema akili ni butu. Tena twasema kisu ni kikali, na mtoto mwenye kushika upesi twamsifu kwamba akili yake ni kali. Kumbe watu wa Roma na watu wa ziwani waliangalia kisu kimoja.

Sasa turudi kwenye wino mwekundu. Mwalimu huyo, kwa heshima yote tuliyo nayo kwa walimu, alikosa sarufi kabla hajamkosea mtoto. Katika Kiswahili majina ya hali mengi huanza kwa U: ujinga, uvivu, uzito, ugonjwa, usingizi. Majina ya watu huanza kwa M: mjinga, mvivu, mgonjwa. Hebetude ni neno la U. Halina wingi, wala halimtaji mtu. Lataja hali ambayo mtu aweza kuwamo. Kusema «He is a hebetude» ni sawasawa na kusema: «Yeye ni usingizi mmoja.» Mtu aweza kuwa na usingizi, hakuna mtu aliye usingizi. Usingizi huja, usingizi hutoka, na mwenye nao huamka akaoga uso.

Yafaa mwanafunzi wetu ajue jinsi neno hilo linavyotumika sawasawa, maana huenda akalihitaji. Mwingereza ataandika hivi: «After the fever he sat for three days in a state of hebetude.» Maana yake: baada ya homa alikaa siku tatu akili yake ikiwa imefifia. Au ataandika kwamba mtu amezama katika hali hiyo, kama twasemavyo sisi kuzama katika usingizi au katika mawazo. Daima huwa ni kitu cha kuingia na kutoka.

Hatusemi hayo ili kumcheka mwalimu. Mwenye kamusi mpya ni kama mtoto mwenye panga jipya, hukata hata migomba isiyo yake. Na sisi wa safu hii tumekata mingi. Tena kosa lile si la Kiingereza tu. Ndimi zetu sote ni nyepesi kugeuza U kuwa M. Leo mtoto amefanya uvivu, kesho twamwita mvivu, kesho kutwa shangazi akija kututembelea twamtambulisha: «Huyu ndiye yule mvivu wetu.» Mtoto asikia, naye hujikata kwa kipimo cha jina hilo, kama fundi akatavyo nguo.

Angalieni wanawake wanaoparua samaki pwani ya ziwa letu. Kisu kikiwa butu, hakuna anayekitupa majini akisema chuma chake kimelaaniwa. Huinama, huchukua jiwe, hukinoa, huendelea. Ubutu ni habari ya makali. Si habari ya chuma. Mwenye hekima katika kitabu cha Mhubiri, sura ya 10, aya ya 10, alitoa mfano huo huo: ikiwa chuma ni butu na mwenye nacho hakinoi, atalazimika kuongeza nguvu tu. Twawasihi wazazi na walimu waifikirie aya hiyo kabla ya kushika fimbo. Kupiga kelele, kupiga mtoto, kuandika kwa wino mwekundu, yote hayo ni kuongeza nguvu. Mti haukatiki upesi kwa hayo, na mkataji huchoka.

Katika Kanisa neno hili lina historia ndefu, wala si ya kudharauliwa. Mtakatifu Gregorio Mkuu, aliyekuwa Papa toka mwaka 590 hata 604, aliandika maelezo marefu ya kitabu cha Ayubu, na humo alifundisha kwamba kila paji la Roho Mtakatifu hupigana na adui wake: hekima na upumbavu, shauri na haraka, nguvu na woga. Paji la akili alilipa adui aitwaye hebetudo. Watoto wetu wajiandaao kwa Kipaimara huyakariri mapaji saba kama wakaririvyo majina ya siku. Ni vizuri wajue kwamba la pili lina kazi hiyo, kunoa. Gregorio huyo huyo alisema kwamba ubutu wa akili ni mmoja wa watoto wa ulafi.

Miaka mingi baadaye Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichukua neno hilo akalichambua, katika Sehemu ya Pili ya Sehemu ya Pili ya kitabu chake kikuu, swali la 15. Asema kitu kikali huitwa kikali kwa sababu hupenya. Akili kali huona alama ndogo tu, ikafika ndani ya jambo. Akili butu huhitaji kuelezwa mengi. Kisha auliza: je, ni dhambi? Ajibu kwamba ni dhambi pale tu mtu anapojitakia, anapojishughulisha na mambo ya mwili hata akapuuza kuangalia mambo ya roho. Neno hilo «kujitakia» ndilo mlango wa habari yetu yote. Mtu anywaye lutuku toka Jumamosi hata Jumatatu, kisha asema Misa haimwambii kitu, huyo ameusaga ubutu wake mwenyewe. Kijana akeshaye na simu mpaka jogoo wa kwanza, macho yakila picha kama tumbo lilavyo ugali bila kushiba, akasinzia darasani, huyo naye asimlaumu mwalimu. Hatuna nia ya kuwafunika wavivu kwa Kilatini. Lakini ambaye hakujitakia, Tomaso hamhesabii dhambi, nasi ni nani tumhesabie?

Tena Tomaso alikuwa na sababu ya kulijua neno hilo. Alipokuwa kijana, akisoma kwa Mtakatifu Alberto Mkuu, wanafunzi wenzake walimwona mnene wa mwili na mkimya kupita kiasi, hatoi neno katika mabishano yao. Wakamwita «ng'ombe bubu». Yasimuliwa kwamba Alberto, baada ya kumsikia akijibu maswali magumu, aliwaambia ya kuwa huyo wanayemwita ng'ombe bubu siku moja mlio wake utasikika duniani kote. Mwaka 1880 Papa Leo XIII alimfanya Tomaso msimamizi wa shule zote za Kikatoliki. Basi kila shule yetu yenye watoto wanaochekwa kwa unyamavu wao iko chini ya ulinzi wa mtoto aliyechekwa kwa unyamavu wake. Na Mtakatifu Yohane Maria Vianney, ambaye maparoko wote humwomba, alifukuzwa seminarini kwa sababu Kilatini kilimshinda. Padri mmoja mvumilivu akaendelea kumfundisha nyumbani kwake, akapewa upadre mwaka 1815.

Lakini kwa nini twende mbali? Hapa kwetu neno «butu» halikuandikwa juu ya mtoto mmoja tu; wakati wa ukoloni liliandikwa juu ya taifa zima. Wazungu wengi walisadiki, na wengine wakaandika vitabuni, kwamba akili ya Mwafrika haiwezi kupenya mambo ya ndani. Hushika yanayoonekana, basi. Wakati huo huo, kusini mwa mji wetu, katika misioni za Mapadri Weupe kandokando ya Tanganyika, kijana mmoja Mtabwa alikuwa akisoma Kilatini, kisha falsafa, kisha teolojia. Jina lake Stefano Kaoze. Miaka ya masomo yake ilikuwa mingi, maana hakuna mtu wa kwao aliyepita njia hiyo kabla yake, na kila hatua ilibidi walimu wajiulize kama itawezekana. Mwaka 1910, akiwa bado mseminari, maandishi yake ya Kifaransa juu ya saikolojia ya Wabantu yalianza kuchapishwa katika gazeti la Ubelgiji. Waliokuwa wakisemwa kwamba hawana mawazo ya ndani, mmoja wao akaeleza mawazo yao ya ndani, tena kwa lugha ya wasemaji. Mwaka 1917 Askofu Victor Roelens alimpa upadre huko Baudouinville, pale tunapopaita leo Kirungu, akawa padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi zetu. Alifariki mwaka 1951.

Twamtaja Padri Kaoze kwa sababu moja. Walimu wake hawakumpa kijana huyo akili, alikuwa nayo. Walimpa miaka, na jiwe la kunolea.

Sasa, Mama, tufike kwa mwanao. Umeuliza kama ni ugonjwa. Neno lenyewe si jina la ugonjwa, lakini mara nyingi ugonjwa ndio unaoleta hali hiyo, nasi twaona ni haki kuuanza uchunguzi hapo kabla ya kumpima moyo wake. Malaria kali yaweza kuuacha ubongo wa mtoto umechoka kwa muda mrefu. Minyoo hunyonya damu, na kichocho, ambacho watoto wetu hukipata kwa kuoga ziwani, nacho hupunguza damu na nguvu. Mtoto asiye na damu ya kutosha husinzia hata akipenda kusoma. Wako wasioona ubao. Hawa ndio wanaotuhuzunisha zaidi, kwa kuwa wenyewe hawajui kwamba wengine wanaona. Hudhani kila mtu huona ukungu pale mbele, na kwamba wenzao wana kipawa cha kusoma ukungu. Wako wasiosikia vizuri sikio moja. Na wako waendao shule bila kutia kitu kinywani toka jana jioni. Kwa hao hatuhitaji Kilatini.

Yako na mengine yasiyoonekana kwa daktari. Mnakumbuka miaka ya 2016 na 2017, vita kati ya Watwa na Waluba vilipoenea katika jimbo letu, vijiji vikachomwa, na watu kwa maelfu wakaja kukaa kambini kandokando ya Kalemie. Mwalimu aliyepokea watoto wa kambi hizo darasani ameyaona macho tunayoyasema: yatazama ubao, wala hayapo pale. Ukimwita jina, huchelewa kurudi, kama mtu aitwaye toka ng'ambo ya Lukuga. Hiyo ndiyo ile hali ya Wafaransa, «hébété». Mtoto wa namna hiyo si butu. Amejifunga mlango kwa sababu nje kulikuwa na moto. Mwenye kuugonga kwa fimbo hatafunguliwa.

Hatujui, Mama, ni lipi kati ya hayo lililomshika mwanao, au kama ni uvivu mtupu. Barua yako haikueleza. Lakini swali lako la pili twaweza kulijibu. Wino mwekundu haufutiki katika karatasi. Hata hivyo mwandishi bado yuko hai, naye hukaa mji mmoja nanyi. Tunakushauri uende kumwona pamoja na mumeo, mkiwa mmevaa vizuri na mkiwa na maneno ya upole, msiende kushitaki. Mwambieni kwamba mmesoma aliloandika, na mmekuja kumwuliza mambo matatu: ni wakati gani wa siku mtoto husinzia, ni somo gani ambalo hasinzii, na tangu lini alianza. Mwalimu mwenye darasa la watoto sitini au zaidi huenda hajapata kujiuliza hayo, wala si kwa ubaya. Akianza kuyajibu, mtaona mwenyewe ameacha kulisema neno lile.

Na Baba, ikiwa unasoma gazeti hili baada ya mama kulimaliza: uvuvi ni kazi ya heshima. Mitume wanne wa kwanza waliitwa wakiwa katika kazi hiyo. Lakini wewe wajua kuliko sisi kwamba ziwa halitaki mtu aliyetupwa kwake kama adhabu. Ajuaye upepo, ajuaye mahali pa kuweka taa usiku usio na mwezi, ajuaye lini ndakala hupanda juu, huyo ana akili inayopenya. Ukiona mwanao aelewa mambo hayo haraka, basi umekwisha pata jibu juu ya akili yake, na neno la mwalimu lilikuwa la uongo. Usipoona, basi ziwani napo hatafaa, na itabidi umnoe kwanza.

Jambo moja dogo la mwisho. Mama, hukutuambia mwanao huketi mstari wa ngapi darasani. Mwulize leo jioni. Kisha simameni naye mlangoni kungali na mwanga, umwonyeshe bati la duka la ng'ambo ya barabara, akusomee maandishi yake. Nawe utuandikie alichosoma.